Asili Wala Fasili

Shangazi alikuwa na neno lake moja kwa wifi yangu, na hakuwahi kulisema kwa hasira. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama chumvi imekolea. "Huyu hana asili wala fasili," alisema, kisha akaendelea kula.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Aliokotwa akiwa mchanga kwenye ngazi za zahanati, kafungwa taulo, akalelewa kwenye kituo cha watoto hadi alipokuwa mkubwa wa kutosha kuja kuomba kazi ya kupiga pasi kwenye duka letu la ushonaji. Kaka ni dereva wa lori. Akirudi safari akawa analeta mashati yake yapigwe pasi, mengine hayajavaliwa hata mara moja. Shangazi aliona kabla yangu. Siku walipomwambia wanataka kuoana, alimaliza kwanza upindo uliokuwa kwenye cherehani, akakata uzi kwa meno, akauliza twende tukaongee na nani. Wifi hakuwa na ndugu wa kumtaja. Ndipo neno lile lilipozaliwa, likahamia mezani, likakaa.

Baba yetu sisi alikuwa kaka wa Shangazi. Yeye na mama walipofariki, Shangazi alituchukua, kaka akiwa wa kuvaa kaptula na mimi wa kubebwa, akatulea kwa kushona sare za watoto wa watu wengine. Aliwahi kuwa na mume, ila mume huyo mimi sikumkuta, na picha yake haikuwepo ukutani. Nilipomaliza darasa la saba alinipa kiti karibu na dirisha, kopo la vifungo na sindano, na tangu hapo kazi yangu ni vifungo na matundu yake. Kazi hiyo inamzoesha mtu kunyamaza. Mkono unajiendea wenyewe, macho yanabaki hayana shughuli, yanaanza kutazama watu.

Kila Jumatano tulifunga duka mapema na sebule ya nyuma ikawa darasa la Biblia. Shangazi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, ndiye aliyeongoza, futi ya kupimia ikiwa shingoni hata wakati wa sala. Mimi nilikuwa msomaji, kwa sababu macho yangu ni mazima na sauti haikwami. Alikuja Fundi Saa, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka letu, mzee wa utani mwingi. Alikuja Nesi, aliyestaafu baada ya kuzalisha nusu ya mtaa, akawa anasinzia kwenye sala ndefu. Na akina mama wengine wa kanisani, leo wapo, kesho hawapo.

Wifi hakukaa darasani. Alileta chai.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipumua siku chache, kama mtu anayejaribu kiatu, akakivua. Hakuwahi kubatizwa. Wifi alipotoka kuzika alimuuliza Shangazi mtoto ameenda wapi, naye Shangazi akamjibu kwamba hakubatizwa. Wifi akasema hilo analijua, anauliza ameenda wapi. Shangazi alikuwa anapiga mstari wa chaki kwenye kitambaa, na mstari haukupinda. "Gizani," alisema.

Sasa alikuwepo wa pili, binti, tukimwita Kadogo. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi akivuta pumzi. Wifi hakuwa na ombi lingine duniani ila mtoto huyu abatizwe upesi. Kanisani kwetu mtoto mchanga habatizwi hivihivi. Lazima mzee wa kundi ambamo wazazi wanasali amsimamie, ampokee kutoka kwa mama, ambebe mpaka mbele. Mzee wa kundi letu alikuwa Shangazi. Asiposimama yeye, hakuna ubatizo. Wifi alipompelekea Mchungaji habari, alijibiwa kwamba Mchungaji ana makanisa mengi, na mzee wa kundi ndiye macho yake.

Basi Jumatano hiyo tulifika Warumi, sura ya tano. Nikasoma jinsi dhambi ilivyoingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na mauti nayo ikapita mlango huohuo, ikawafikia watu wote. Shangazi akasema hiyo ndiyo inaitwa dhambi ya asili, na mtu hahitaji kufanya lolote ili awe nayo.

Fundi Saa akauliza kama ni asili kama ya dawa ya asili, maana hizo huwa chungu na kisha hazitibu. Watu wakacheka. Shangazi akangoja wamalize. Kisha akaeleza taratibu, kama anavyomweleza mtu anayejifunza cherehani. Asili ni kule mtu anakotoka, kama fasili ilivyo kile kinachochipuka kwake. Kitambaa kikitoka kiwandani na kasoro, ukikata gauni lina kasoro, ukikata leso ina kasoro. Leso haijamkosea mtu, lakini kasoro inayo. Mtoto anazaliwa nayo kwa sababu mama yake alizaliwa nayo, na mama wa mama yake, kurudi nyuma mpaka kwa Adamu.

Wifi alikuwa anaingia na sinia la chai, Kadogo mgongoni. Aliliweka mezani, lakini hakuondoka. Akifikiri huwa anakaza midomo, kana kwamba ameshika pini kwa meno.

"Samahani, Shangazi," alisema. "Na yule asiye na asili?"

"Nani hana asili?"

"Mimi. Si unasema mwenyewe kila siku? Sina asili wala fasili. Sasa kama asili sina, hiyo dhambi ya asili nimeipatia wapi?"

Sidhani alikusudia kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Lakini Fundi Saa alijipiga goti, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Dada, hapo umeshonwa kwa uzi wako mwenyewe." Wakacheka wote. Hata Nesi aliamka akacheka bila kujua kinachochekwa.

Shangazi alivua futi shingoni akaanza kuikunja. Aliikunja yote, mpaka ikawa kama konokono kiganjani.

"Swali zuri," alisema. "Kama hutoki kwa Adamu, dhambi ya Adamu huna. Hapo uko sawa. Lakini Kristo alikufa kwa ajili ya watoto wa Adamu. Maana yake kwa ajili yako hakufa. Na huyo uliyembeba mgongoni, tukimpeleka kanisani, tunamwosha nini?"

Kicheko kilikatika. Shangazi akaendelea, bado kwa sauti yake ya mezani. Alisema hawezi kusimama mbele ya Mungu ameshika kitu asichokijua. Atamsimamia Kadogo siku ambayo mama yake atasimama hapa, mbele ya watu hawahawa, akiri kwa kinywa chake kwamba naye ni wa Adamu, kwamba yule wa kwanza alikufa katika dhambi, na kwamba dhambi hiyo ilipita kwake ndipo ikamfikia mtoto.

"Ilipita kwangu," wifi alisema polepole, kama mtu anayefundishwa kutamka.

"Ilipita kwako. Kwani ilipita dirishani?"

Wifi akamimina chai, vikombe vyote. Hakumwaga hata tone.

Kaka aliporudi safari na kuambiwa, alisema hayo ni maneno tu, ayaseme yaishe, mtoto abatizwe, nyumba itulie. Wifi akamuuliza kama lori lingeua mtu, na akaambiwa aseme breki alikata mwenyewe ili mambo yaishe, angesema? Kaka akajibu kwamba lori ni kitu kingine. Alilala siku mbili, akapata mzigo, akaondoka. Kaka yangu ni mtu mwema akiwa barabarani.

Ndipo tulipoanza kusoma sisi wawili. Mchana Shangazi akitoka kwenda kununua vitambaa, wifi aliisogeza meza ya pasi karibu na dirisha langu. Yeye alisoma kwa shida. Kule kituoni watoto walikuwa wengi na vitabu vichache, na aliyekaa nyuma aliona migongo tu. Kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akapiga pasi.

"Nitafutie watoto," alisema.

Kutafuta watoto kwenye Biblia si kazi ndogo. Wengi wamepita hapo ili kuhesabiwa au kuuawa. Lakini tuliwapata wale ambao Musa aliwaambia wazazi wao kwamba hawajui bado jema wala baya, na kwamba hao ndio wataingia katika nchi ambayo wakubwa wamenyimwa. Tukampata Ezekieli anasema mwana hatabebeshwa uovu wa baba yake. Pasi ikabaki hewani. Akaniambia nirudie, nikarudia, akaniambia tena. Kisha nikaangukia kwenye zaburi ya Daudi, pale anapolia kwamba yuko hatiani tangu tumboni mwa mama yake, na sikuweza kuacha katikati. Wifi aliikandamiza pasi kwenye kola mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

Mimi nilikuwa nimesoma kitabu hicho miaka yote kama ninavyoshona vifungo, kimoja baada ya kingine, bila kujiuliza shati ni la nani. Sasa nilikuwa naona mashimo. Ukurasa mmoja unamfungulia mtoto, mwingine unamfungia, na zote mbili zimeandikwa kwa herufi zilezile ndogo. Nilikuwa naogopa kufunua mbele.

Siku moja tukafika kwa Daudi na mtoto aliyezaliwa na mke wa Uria. Mtoto anaugua, Daudi analala chini, hali chakula, na siku ya saba mtoto anakufa. Hapo mimi ndiye niliyekumbuka jambo. Nikamwambia wifi kwamba watu wale walikuwa wanawatahiri watoto siku ya nane, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yao, kama kwetu ubatizo. Huyu alikufa siku ya saba.

"Alikufa bila alama," wifi alisema.

"Bila alama."

"Na Daudi akasemaje?"

Nikamsomea. Daudi ananawa, anabadilisha nguo, anakula, watumishi wanamshangaa, naye anawaambia kwamba mtoto hatarudi kwake, ila yeye ndiye atakayekwenda kwa mtoto. Wifi aliweka pasi chini. Alitabasamu, na machozi yakawa yanamtoka humohumo kwenye tabasamu, hayafuti. Alisema Daudi hakusema yuko gizani. Alisema atamfuata. Mtu hamfuati mtoto gizani akala na kushiba.

Kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati la mteja, akauliza, "Lakini wifi, kwani aliugua nini?"

Nilikuwa nimelisoma hilo kwa macho, juu kidogo, nikaliruka. Nikamwambia hawakutaja.

"Soma."

Nikasoma. Kwamba Bwana ndiye aliyempiga mtoto, kwa lile alilolitenda baba yake.

Wifi aliichukua pasi. Akamaliza shati lile, akalikunja, akalipiga lingine, akalikunja. "Kumbe," alisema baadaye. "Kumbe inawezekana kabisa."

Hata hivyo Jumatano alilipeleka darasani lile la siku ya saba. Alilisema vizuri, amesimama mlangoni, na akina mama wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli Daudi alisema atakwenda kwa mtoto. Atakwenda kaburini. Sote tunakwenda huko. Daudi hakusema atamkuta anacheza.

Fundi Saa akajaribu kuingilia. Alisema mtoto wa siku saba hajui hata kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Shangazi akamuuliza, je, saa ikitoka kiwandani imeharibika, anailaumu?

"Siilaumu," Fundi Saa alisema. "Ila siitupi motoni, dada. Kwanza naifungua niione."

"Mungu si fundi saa."

"Hilo ndilo linanisikitisha," alijibu mzee, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye.

Shangazi akamgeukia wifi. Alimwambia Jumapili ya ubatizo inakaribia na maneno anayajua. Hayakuongezeka, hayakupungua. Akiwa tayari aseme.

Kifua cha Kadogo kikazidi, na wifi akamwita Nesi aje kukisikiliza. Nesi alikuja wakati Shangazi ametoka. Alimvua mtoto, akaweka sikio mgongoni, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesikiliza majirani ukutani. Alisema kitafunguka akikua, wampe mvuke, wasimfunike kupita kiasi. Mimi nilikuwa dirishani na kazi yangu.

Wifi akamuuliza walikuwa wanafanya nini kule wodini na watoto waliokufa kabla ya maji ya ubatizo. Nesi alisema waliwafunga vizuri. Akachukua nguo za mtoto. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa huruma, akasema lile ambalo hakupaswa kusema.

"Usimchukie sana shangazi yenu. Na yeye alizaa."

Mkono wangu ukasimama. Nesi akaeleza kwa sauti ya chini, mikono yake ikimvalisha mtoto. Ilikuwa kabla ya sisi kuletwa kwake. Ilikuwa zamu yake, Nesi, na alikuwa bado msichana. Mtoto alitoka hajalia. Siku zile waliwaondoa upesi ili mama asione, wakidhani hiyo ndiyo huruma yenyewe. Shangazi aliomba aonyeshwe. Aliomba sana. Nesi akamwambia lala, mama, lala, akapita na beseni limefunikwa. Mume hakukaa sana baada ya hapo.

"Nimekwambia ili umwonee huruma," Nesi alisema.

Nimeishi nyumba ya Shangazi tangu sijajua kutembea, na jambo hilo sikuwa nalijua. Wifi alikuwa anakunja nepi. Alizipanga zikawa sawasawa, pembe juu ya pembe.

"Asante, mama," alisema. "Umenisaidia sana."

Nikamwona anakaza midomo.

Jumatano iliyofuata hakuleta chai. Aliingia amevaa gauni lake zuri, Kadogo mkononi, akakaa kitini kama mgeni. Sebule ilijaa, maana habari ilikuwa imetembea. Shangazi alipofungua kwa sala na kunyanyua kichwa, wifi alisema yuko tayari. Akanipa mtoto, akasimama katikati.

"Mimi ni mtoto wa Adamu," alisema. "Mama yangu simjui, ila najua na yeye ni wa Adamu. Mwanangu wa kwanza alikufa katika dhambi. Dhambi hiyo ilipita kwangu ndipo ikamfikia. Yuko gizani."

Neno la mwisho hakuwa ameombwa. Mama mmoja alianza kulia. Na Shangazi, lazima niseme nilichokiona, uso wake ulilegea. Alifurahi kwa kweli. Alinyoosha mkono kumshika wifi mkono, akasema Bwana asifiwe, mambo yamekwisha, Jumapili atasimama.

Wifi hakuushika mkono.

"Sasa zamu yako, Shangazi."

"Zamu yangu ya nini?"

"Na wewe ulizaa. Sema na wako yuko wapi."

Mtu aliweka kikombe mezani taratibu mno. Shangazi alimtazama Nesi, si kwa muda mrefu, na Nesi akatazama mikono yake mwenyewe. Shangazi angeweza kumwambia wifi akae. Angeweza kufunga kwa sala, sote tungeinuka tukaondoka kwa furaha. Lakini Shangazi hajawahi kumpa mtu mshono ambao yeye mwenyewe hawezi kuushona. Ndivyo alivyo.

"Yuko hukohuko," alisema.

"Huko wapi? Mimi nimetaja."

"Gizani."

"Na ilipita kwa nani?"

"Kwangu."

Hakubabaika hata kidogo. Neno lilimtoka limeshanyooka, limeshapigwa pasi, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa amejiambia hivyo mwenyewe, peke yake, miaka yote ambayo mimi namjua. Sisi tulidhani ni ukali. Kumbe kwake ilikuwa ni kumgawia mwenzake kilichomo sufuriani, hakukuwa na kingine.

Ingeweza kuishia hapo. Fundi Saa akasema, "Basi, binti, yamekwisha. Tuombe." Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Wifi alikuwa bado amesimama.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mkono wa Shangazi ulipanda shingoni kutafuta futi, ukaishika.

"Nauliza tu, Shangazi. Ili tukimwombea tujue tunamwita nani."

"Sikuonyeshwa."

"Hata hujui?"

"Sikuonyeshwa, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Wifi aliliacha neno hilo likae hapo sebuleni mpaka kila mtu alisikie.

"Pole," alisema. "Kumbe mimi sina asili, na wewe huna fasili."

Watu waliondoka bila sala ya kufunga. Nesi alitoka wa kwanza, hakuaga. Fundi Saa alisimama nami mlangoni, kofia mkononi, akanong'ona kwamba msichana huyu alikuja hapa mpole kama maji ya mtungi, hayo kafundishwa na nani? Nilitaka kumwambia ni Shangazi. Lile la kwanza, lile la kusema yuko wapi, ni kweli alifundishwa na Shangazi, neno kwa neno. Lakini mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa wifi na Kadogo mapajani, namtazama uso kutokea chini, alipouliza kama ni wa kike au wa kiume. Alikuwa hana haja ya kuuliza. Alikuwa ameshapata alichokitaka, Jumapili ilikuwa yake. Aliuliza kwa sababu aliona mahali palipo laini. Macho yalimng'aa kama ya mtoto aliyepata mende wa kumnyofoa miguu, na hilo hakuna mtu aliyemfundisha.

"Sijui, mzee," nilimwambia Fundi Saa.

Shangazi alitimiza ahadi. Wiki hiyo alikata kola za shati vibaya, moja ndogo, moja kubwa, akazitupa. Lakini alishona gauni la ubatizo la Kadogo mwenyewe, jeupe, lenye mikunjo kifuani, akaniletea niweke vifungo. Mikunjo ilikuwa midogo mno. Nilipoigusa nilijua amefanya kwa sindano ya mkono. Wifi na Shangazi hawakugombana. Wifi alimwamkia asubuhi, akamwekea chakula, akamuuliza kama chumvi imekolea.

Jumapili kanisa lilijaa. Kaka alikuwepo, amevaa koti. Mchungaji alipoita mtoto, Shangazi aliinuka kwenye benchi la mbele akatugeukia, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Ndiyo utaratibu. Mama anamkabidhi mzee mtoto, mzee anambeba.

Wifi alikuwa kando yangu. Alisimama na Kadogo. Alimtazama Shangazi, akatazama ile mikono, na akangoja. Mchungaji akatabasamu, akidhani ni woga wa mama. Watu wa viti vya nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Shangazi hakushusha mikono. Ilibaki hewani, mikono ile isiyopindisha mstari wa chaki.

Wifi akageuka akaniwekea mtoto kifuani.

"Mbebe wewe, wifi," alisema, na alisema ili asikike. "Kwako hakujapita kitu."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na muda wa kukataa. Lakini Kadogo alikuwa tayari ameshika ukosi wangu na kuanza kuutafuna, na Mchungaji alikuwa anatazama saa. Nikampokea. Nikapita mbele ya Shangazi, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na mikono yake ilikuwa bado wazi, haina kitu. Mchungaji akauliza nani anamsimamia mtoto huyu.

"Mimi," Shangazi alisema kutoka nyuma yangu. "Ni wetu. Namsimamia."

Maji yalikuwa baridi. Kadogo alilia, filimbi ya kifuani ikasikika kanisa zima, na watu wakacheka kwa upole kama wanavyocheka kila mtoto akilia. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa ameketi. Alikuwa ameikunja mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayezuia kitu kisiangukie sakafuni.

Nyumbani aliingia moja kwa moja chumba cha mbele, dukani, akakaa kwenye cherehani na nguo zake za kanisani. Jumapili hashoni. Alikaa tu. Sisi tulikula. Kaka alisifu chakula. Wifi alikula vizuri kuliko siku zote nilizomwona tangu azike, akaongeza, akafuta sahani. Kadogo alikuwa amelala mapajani mwake.

Kaka aliweka kijiko chini akauliza kama tumwite Shangazi.

"Mwache," wifi alisema. Alikuwa anamfungua mtoto vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, taratibu, asije akamwamsha. "Akisikia njaa atakuja."